Njia ya Maji: Kutafuta Mvujo katika Mashine Kuukuu ya Boti

Wengi wetu tusomao katika shule za nyanda hizi za juu hatukuzaliwa penye maji makubwa. Kwetu ni mahindi, viazi, chai na baridi ya asubuhi. Lakini mtu akishuka kutoka Tukuyu mpaka Kyela hufika Ziwa Nyasa, ambalo uso wake uko kiasi cha mita 475 tu juu ya usawa wa bahari, na huko maisha ya watu yamefungwa katika boti. Wenzetu wa Iringa nao wanalo Bwawa la Mtera katika mto Ruaha Mkuu, lililojengwa katika miaka ya 1970, ambako uvuvi ni kazi ya watu wengi. Huku na huko utaona mashine ile ile: injini ndogo inayofungwa nyuma ya boti kwa vibanio, yenye mguu mrefu unaozama majini na rafadha (wengine huiita pangaboi) kwenye ncha yake.

Nyingi za mashine hizi ni kuukuu. Zimepita mikononi mwa wenye boti watatu au wanne kabla ya kufika ziwani, na baadhi yake zilikwisha kufanya kazi pwani katika maji ya chumvi. Ugonjwa mkubwa wa mashine ya namna hii ni maji kupotea njia. Katika somo hili nataka tujifunze jambo moja tu: namna ya kujua maji yamepotelea wapi kabla ya kufungua nati hata moja au kununua kifaa hata kimoja.

Jambo hili si dogo. Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550 kutoka kaskazini hata kusini. Upepo wa kusini uitwao mwera, ambao huvuma kwa nguvu hasa kati ya mwezi wa Mei na Agosti, huja juu ya maji hayo yote bila kizuizi, na mawimbi yake huishia kwetu upande wa kaskazini. Mashariki mwa Matema, Milima ya Livingstone inatumbukia ziwani kama ukuta, na sehemu nyingi hazina mchanga wa kupandishia boti. Njia hiyo ya maji ndiyo hupitishwa vyungu vya Wakisi wa Ikombe kwenda sokoni, pamoja na usipa, mbasa, wagonjwa na wanafunzi. Mashine ikizimika hapo wakati mwera unavuma, boti husukumwa kwenye mawe. Basi tundu dogo katika gasketi laweza kuwa jambo la kufa na kupona.

KWA NINI MASHINE HUNYWA MAJI

Gari lina rejeta yake na maji yake yanayozunguka humo humo. Mashine ya boti haina rejeta. Yenyewe huyakopa maji ya ziwa, huyapitisha mwilini mwake yachukue joto, kisha huyarudisha ziwani. Ndivyo ilivyokuwa tangu Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwe aliyehamia Marekani, alipotengeneza mashine yake mwaka 1909, na ndivyo ilivyo hata leo.

Hebu tufanye hesabu. Tuseme mashine ya nguvu za farasi 15 inatoa kilowati 11 za kuendesha rafadha, na kwamba joto la kiasi hicho hicho halina budi kuchukuliwa na maji. Kilo moja ya maji huhitaji jouli 4,200 ili joto lake lipande kwa digrii 1. Ikiwa tunataka maji yapande kwa digrii 30 tu, hesabu itatupa yapata lita 5 na robo kwa kila dakika. Maji ya ziwa yakiingia na digrii 26 yatatoka na 56, na mashine itakuwa salama. Sasa tuseme nusu ya maji yanavuja njiani. Joto ni lile lile, lakini maji ni nusu. Kwa hiyo yatapanda kwa digrii 60, yatoke na 86. Theluthi mbili zikipotea, hesabu inataka yafike digrii 116, jambo lisilowezekana, maana yatachemka kwanza.

Na yakichemka ndipo balaa huanza. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hutaka nafasi ya zaidi ya lita 1,600, nao mvuke hauchukui joto vizuri kama maji. Katika mashine yenye pistoni ya alumini ndani ya silinda ya chuma, pistoni hutanuka yapata mara mbili ya chuma hicho. Pistoni yenye upana wa milimita 60 ikipata joto la digrii 100 zaidi hutanuka kwa milimita 0.14 hivi, hali silinda yake hutanuka kwa milimita 0.07 tu. Nafasi iliyoachwa na kiwanda kati yao mara nyingi haifiki milimita 0.1. Waona mwenyewe: pistoni hukosa pa kupita, ikakwaruza, ikakwama. Wavuvi husema mashine imekufa.

NJIA YENYEWE

Mkulima wa mpunga wa Usangu au wa Pawaga akiona jaruba la mwisho limekauka, hachimbi jaruba hilo. Huufuata mfereji kwa miguu kuelekea mtoni, akitazama ni wapi kingo imebomoka. Fundi wa mashine naye afanye vivyo hivyo. Lakini ili aufuate mfereji, lazima kwanza aujue.

Maji huingia kwa matundu madogo yaliyo ubavuni mwa mguu, karibu na rafadha. Juu kidogo ya hapo kuna pampu. Ndani ya pampu mna kigurudumu cha mpira chenye mabawa, kiitwacho impela, kinachozungushwa na shafti ile ile iendeshayo gia. Impela huyasukuma maji katika bomba jembamba linalopanda ndani ya mguu mpaka kwenye injini. Humo hupita kando ya njia ya moshi, huizunguka silinda na kichwa chake, hupita kwenye themostati, ambayo ni mlango unaofunguka kwa joto, kisha hushuka tena ndani ya mguu pamoja na moshi. Maji kidogo tu hutolewa nje kwa tundu la pembeni, nayo ndiyo tunayoyaona yakiruka kama mkojo wa mtoto. Nitayaita maji ya ishara.

Basi kuna dalili nne, na kila moja inatuonyesha sehemu yake ya mfereji.

DALILI YA KWANZA: MAJI YA ISHARA YAMEPUNGUA

Usikimbilie pampu. Kwanza zima mashine, chukua kipande cha mshipi wa kuvulia samaki au waya laini, uzibue tundu lenyewe. Mara nyingi nyigu hujenga humo udongo wakati mashine imekaa ufukoni. Ukizibua na maji yakaruka kwa nguvu, kazi imekwisha bila gharama.

Kama bado, tazama matundu ya kuingilia kama yamezibwa na majani au mfuko wa nailoni. Kama nayo ni safi, ndipo ushuke kwenye pampu. Katika ziwa letu adui wa pampu si chumvi, ni mchanga. Mito ya Songwe, Kiwira, Lufilyo na Mbaka huleta tope jingi wakati wa masika, na watu huwasha mashine karibu sana na ufuko. Mchanga huo husaga mabawa ya impela pamoja na kikombe kinachoizunguka. Pitisha ukucha ndani ya kikombe na juu ya bamba lake: ukucha ukinasa katika mfuo, impela mpya peke yake haitasaidia, badili na vifaa hivyo.

Hesabu mabawa. Bawa likiwa limekatika, litafute mpaka ulipate, maana kipande hicho kimepanda na maji na huenda kimekaa mahali kikiziba. Unapoingiza impela mpya, paka grisi kidogo, hakikisha kifunguo chake kiko mahali pake, na uzungushe shafti upande wa mshale wa saa huku ukishusha kikombe, ili mabawa yalale upande unaostahili.

Halafu uangalie jambo linalowashinda wengi. Unapourudisha mguu, ncha ya bomba sharti iingie katika mpira wake juu ya pampu. Ikikosea pembeni, pampu mpya itamwaga maji ndani ya mguu, wala mvujo huo hutauona kwa nje. Mwenye mashine atasema, “Nimebadili impela na bado inachemka,” naye atanunua nyingine bure.

Lakini tahadhari: maji ya ishara ni shahidi wa sehemu moja tu. Katika mashine nyingi yanachukuliwa kabla ya kufika themostati. Kwa hiyo yaweza kuruka vizuri sana hali themostati imekwama. Ipime katika sufuria ya maji kwa kuining'iniza kwa uzi: yapasa ifunguke kabla maji hayajachemka. Isipofunguka, ni ya kutupa.

DALILI YA PILI: MAJI CHINI YA KIFUNIKO

Ukifungua kifuniko cha juu ukakuta matone, usikaze nati uliyoiona imelowa. Gurudumu zito la juu huzunguka kwa kasi na kuyarusha maji kila upande; na maji yenyewe hushuka kwa uzito wake. Mahali palipolowa sana si lazima pawe ndipo yanapotoka.

Fanya hivi. Futa injini yote kwa kitambaa mpaka ikauke kabisa. Saga chaki, ile ile ya ubaoni, uipake kama unga kwenye maungio: kifuniko cha themostati, kichwa cha silinda, kifuniko cha njia ya moshi, na ncha za mipira ya maji. Ondoa rafadha, uushushe mguu katika pipa la maji mpaka maji yapite juu ya pampu, uwashe mashine kwa dakika mbili polepole. Unga utakapolowa na kufanya mstari wa kwanza, tena ulio juu kuliko mistari mingine, hapo ndipo penye tundu.

Wakati huo mikono, nywele na nguo zako ziwe mbali na gurudumu. Fanyia kazi hii uwanjani, si chumbani, kwa sababu moshi wake huua. Wala usiwashe mashine nje ya maji hata kwa kujaribu tu; impela kavu huungua katika muda mfupi sana.

Kama ni mpira wa maji uliopasuka, badili. Kama ni gasketi ya themostati, waweza kuikata mwenyewe kwa karatasi ya gasketi inayouzwa dukani. Lakini kama alumini yenyewe imeliwa na unga mweupe umejaa katika ungio, hiyo ni kazi ya chumvi ya miaka iliyopita. Gasketi mpya juu ya uso ulioliwa haitadumu. Uso lazima ujazwe na kusawazishwa na fundi mwenye zana.

DALILI YA TATU: MAJI NDANI YA SILINDA

Huu ndio mvujo mbaya kupita yote, maana hauonekani. Gasketi ya kichwa ikitoboka kati ya njia ya maji na chumba cha moto, maji huingia ndani mashine ikikaa, na hewa ya moto huingia katika maji mashine ikienda. Dalili zake ni hizi: maji ya ishara yanatoka na mapovu au mvuke, mashine ni ngumu kuwaka asubuhi, nguvu imepungua.

Ikiwa kamba ya kuwashia inagoma kabisa, usiivute kwa nguvu. Maji hayashindiliki kama hewa, nayo yakiwa ndani ya silinda yaweza kupinda mkono wa pistoni. Fungua plagi zote kwanza, ziweke kando pamoja na nyaya zake mbali na petroli, kisha vuta kamba taratibu maji yatoke.

Plagi ni kitabu cha kusomwa. Zipange mezani kwa utaratibu wa silinda zake. Plagi ya silinda nzima huwa ya rangi ya kahawia. Ile ya silinda inayonywa maji huwa safi kuliko wenzake, kana kwamba imeoshwa, au huwa na matone na kutu. Silinda yenye plagi hiyo ndiyo ya kuangaliwa.

Ukikifungua kichwa, tafuta katika gasketi mstari ulioliwa unaotoka tundu la maji hata ukingo wa silinda. Halafu pima uso wa kichwa: simamisha rula ya chuma kwa ubavu wake juu yake, kwa urefu na kwa kukingama, ujaribu kupitisha karatasi ya daftari chini yake. Karatasi hiyo ina unene wa yapata milimita 0.1. Ikipita, kichwa kimepinda. Mafundi hukisawazisha kwa kubandika msasa laini juu ya kioo kinene kisichopinda, wakakisugua kwa mwendo wa namba nane mpaka uso wote uwe wa rangi moja.

Gasketi ya mahali hapa sharti iwe ya kiwandani. Boksi la sabuni au mpira wa baiskeli hauwezi kustahimili moto huo hata safari moja. Nati zikazwe kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa kukingamisha, kwa awamu mbili, kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha mashine hiyo.

DALILI YA NNE: MAJI KATIKA MAFUTA YA GIA

Hapa mambo yamegeuka: maji hayatoki mahali pake, bali yanaingia mahali yasipotakiwa. Acha mashine isimame wima usiku kucha. Asubuhi legeza skrubu ya chini ya nyumba ya gia. Maji ni mazito kuliko mafuta. Yakiwamo, ndiyo yatakayotangulia. Na mafuta yakiwa meupe kama maziwa au uji, maji yamekwisha kuchanganyika nayo.

Mara nyingi mkosaji ni uzi wa nyavu. Nyuzi za nailoni hujizungusha nyuma ya rafadha, huyeyuka kwa msuguano, zikakata midomo ya sili. Anayevua usiku na nyavu afungue rafadha yake mara kwa mara na kuangalia. Mkosaji wa pili ni kigasketi kidogo cha skrubu ya mafuta, ambacho watu huona si kitu na kukitupa.

Kupima, toa mafuta yote, funga skrubu ya chini, uunganishe mpira wa pampu ya baiskeli kwenye tundu la juu, ukizamishe kichwa cha gia katika karai la maji. Pampu kidogo tu. Upepo ukizidi utaharibu sili nzima. Mapovu yatakuonyesha: kwenye shafti ya rafadha, kwenye shafti ya juu, au kwenye fimbo ya gia. Kabla ya kutoa sili kuukuu, chora katika daftari mdomo wake unaelekea wapi, kwa maana ukiigeuza ile mpya haitazuia kitu.

Mafuta mapya hujazwa kwa tundu la chini mpaka yatokee tundu la juu, ili hewa isibaki ndani. Funga la juu kwanza, kisha la chini.

KABLA YA KUTOKA UFUKONI

Mashine kuukuu iliyotunzwa yaweza kufanya kazi miaka mingi bado. Lakini anayeiendesha aweke sheria moja ambayo hataivunja kwa ajili ya abiria mwenye haraka wala soko linalofungwa: mashine isiyotoa maji ya ishara haitoki ufukoni. Na ikiwa maji yamekatika ukiwa tayari ziwani, usiseme, “Nitafika tu.” Zima mara moja, uache ipoe, uzibue tundu na matundu ya kuingilia. Yasiporudi, tumia makasia. Kwa hiyo makasia, makoti ya kuokolea, plagi mbili, spana ya plagi na kipande cha waya ni vitu vya kukaa ndani ya boti siku zote.

Wenzetu watokao Kyela na Mtera wakirudi nyumbani likizo, wafungue kifuniko pamoja na wazee wao waifuate njia ya maji tangu tundu la kuingilia hata la kutokea. Kazi hiyo haitaki fedha. Inataka kitambaa, chaki, pipa la maji na uvumilivu wa kutazama.

MASWALI

1. Mashine yapokea lita 6 za maji kwa dakika, na maji yanapanda kutoka digrii 25 hadi 50. Mvujo ukichukua lita 2 kati ya hizo, maji yatatoka na digrii ngapi?
2. Maji ya ishara yanaruka vizuri, lakini mashine inachemka. Taja sehemu mbili za kuangalia, na ueleze kwa nini ishara haikutuonya.
3. Plagi ya juu ni ya kahawia. Ya chini ni safi na ina matone. Utafungua nini kwanza, na utatafuta alama gani?
4. Kwa nini maji hutangulia kutoka mafuta ya gia yanapomwagwa asubuhi, lakini hayatangulii ikiwa mashine imezimwa sasa hivi?